Lebo Thelathini na Moja

Kwa miaka ishirini na miwili hakuna mtu katika supamaketi ile aliyepata habari za kupanda kwa bei mapema kuliko Fundi Bei. Kabla makeshia hawajafunga aproni zao, yeye alikuwa tayari amepiga magoti mbele ya rafu ya chini kabisa, ile ya sabuni za vipande, ukanda wa lebo ukimning'inia shingoni kama futi ya fundi cherehani. Alibandua bei ya jana, akabandika ya leo. Unga, mafuta, maziwa ya watoto: habari mbaya zote za mji ule zilipita kwanza kwenye vidole vyake. Watu walizikuta saa mbili milango ilipofunguliwa, wakasonya, wakailaani serikali, wakanunua. Yeye hakulaaniwa na mtu, kwa kuwa hakuna aliyemwona. Nani anamwangalia mtu aliyepiga magoti?

Jina alipewa na mlinzi wa mlangoni miaka mingi nyuma, kwa utani, na likamganda hata mkewe akaanza kulitumia alipokuwa amemkasirikia. Alipoanza kazi, bei zilipigwa kwa bunduki, kidude cha plastiki kilicholia ta! ta! ta! na kuacha kijikaratasi cha njano juu ya kila kopo. Siku hizo kopo liliondoka na bei yake mgongoni mpaka nyumbani kwa mteja. Kisha zikaja mashine za kusoma mistari, na tangu hapo bei ikawa na nyumba mbili: moja kwenye rafu, ambako mteja anaiona, na nyingine ndani ya mashine ya keshia, ambako haionekani mpaka risiti itoke. Kazi ya Fundi Bei ilikuwa kuhakikisha nyumba hizo mbili zinasema neno moja.

Na zilisema. Meneja wa zamani alijivunia jambo hilo kiasi cha kutundika tangazo kubwa juu ya dawati la wateja: ukitozwa zaidi ya bei iliyo kwenye rafu, unarudishiwa kilichozidi, na bidhaa unaondoka nayo bure. Mwaka wa kwanza walikuja watu wawili tu, na mmoja wao alikuwa amesoma bei ya kitu cha jirani.

Wabandikaji wa lebo walikuwa wanne, kila mmoja na namba yake. Kabla ya kubandika, uliandika namba hiyo kwa kalamu kwenye kona ya lebo, ndogo kama chawa, ili kosa likitokea mwenye kosa ajulikane na wengine walale usingizi. Ya Fundi Bei ilikuwa kumi na nne. Wenzake waliiandika kwa kulipua. Yeye aliiandika kama mtu anayetia sahihi kwenye hati ya ndoa.

Macho yalianza kumpotea akiwa na miaka hamsini na mitano. Hayakumpotea kwa giza. Yalimpotea katikati. Alikuwa akimwangalia mtu usoni, pua na mdomo vinayeyuka, yanabaki masikio na nywele. Daktari wa macho alimweka kidevu kwenye chuma, akamulika, halafu akasema kwamba pazia la ndani ya jicho limechakaa pale katikati, kama kiti cha mwendesha gari kinavyochakaa mahali pamoja.

"Miwani?" akauliza Fundi Bei.

"Miwani haitasaidia, mzee. Jifunze kuangalia pembeni ya kitu. Ukitaka kuona uso, angalia bega."

Akajifunza. Nyumbani mkewe, mshonaji wa sare za shule, alikuwa wa kwanza kulalamika.

"Baba we, unazungumza na mimi au na mlango?"

"Nazungumza na wewe."

"Basi nimekuwa mlango. Hujambo, bwana? Karibu, nimefunguka."

Akacheka, naye akacheka. Alimwambia macho yamechoka na vumbi la dukani, basi. Yale ya pazia na kiti hakuyasema. Alikuwa amebakiza miezi ishirini na sita kabla ya kustaafu na kupata kiinua mgongo chake, na alijiambia kwamba miezi ishirini na sita si kitu, mtu anaweza kuipita hata kwa kupapasa.

Na angeipita. Ukanda wa lebo ulichapwa kwa mpangilio wa rafu zenyewe, kutoka mlangoni hadi kwenye majokofu, na rafu zile alizijua kama mtu anavyojua ngazi za nyumba yake. Hakuhitaji kusoma. Lebo ya kwanza ilikuwa ya kiberiti, ya pili mishumaa mifupi, ya tatu mishumaa mirefu. Mkono ulikwenda wenyewe.

Kisha akaja meneja mpya, kijana mpole, msafi, anayesema "tafadhali" hata anapokukatia posho. Makao makuu waliamua lebo zichapwe kwa kufuata namba za bidhaa, si mpangilio wa rafu, kwa sababu ndivyo kompyuta ilivyopenda. Asubuhi ya kwanza Fundi Bei alipokea ukanda wake, akaupitisha vidoleni, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake ya kazi hakujua lebo iliyo mkononi ni ya nini. Ilimbidi asome. Jina la maziwa lilikuwa moja, kopo la gramu mia nne na la gramu mia nane, na kilichotofautisha lebo mbili hizo ni tarakimu moja nyembamba kama unyoya, pale pale katikati ambapo dunia yake ilikuwa na tundu.

Akabandika ndogo kwenye kubwa.

Aliyegundua alikuwa Mwalimu. Hivyo ndivyo duka zima lilivyomwita yule mama mstaafu, mwembamba, mwenye penseli iliyochomekwa nyweleni. Aliandika bei ya kila kitu kwenye kijidaftari huku akizunguka na kikapu chake, kisha akasimama pembeni ya kaunta kulinganisha na risiti mstari kwa mstari. Siku ile alikwenda moja kwa moja kwenye dawati la wateja, akaweka kopo mezani.

"Rafu inasema mia tisa. Mashine yenu inasema elfu moja mia sita. Mimi nimefundisha hesabu miaka thelathini na minne. Mashine hii ningeirudisha darasa la pili."

Nyuma yake bwana mmoja alikuwa amekumbatia mfuko wa samaki wa barafu. "Mama, fanya haraka, samaki wangu anayeyuka."

"Keshakufa huyo, baba. Anaharakia wapi?"

Aliyekuwa dawatini alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mama wa watoto wawili, anayecheka kwa mabega. Wafanyakazi walimwita Mama Rudisha, kwa sababu ya kazi yake. Alikwenda kwenye rafu, akaibandua lebo, akarudi, akamhesabia Mwalimu tofauti yake na kumkabidhi kopo la maziwa bure. Kisha akajaza fomu. Utaratibu ulikuwa mmoja: lebo yenye kosa inabanwa kwa pini nyuma ya fomu, pamoja na risiti. Aliigeuza lebo kwenye mwanga. Akaona namba kwenye kona.

Hakuibana. Alimfuata Fundi Bei stoo.

"Mzee wangu. Hii ni kumi na nne."

Fundi Bei aliichukua, akaisogeza kando ya uso wake, huku akitazama ukuta. Mama Rudisha alimwangalia akifanya hivyo. Huyu ndiye aliyempokea siku ya kwanza ya kazi, akamwonyesha choo kizuri kiko wapi na keshia gani anaazima pesa bila kurudisha. Huyu ndiye aliyekaa dawatini badala yake siku mtoto wake wa pili alipougua, msimamizi wa zamu alipokuja akamwambia binti yuko msalani, na akaendelea kumwambia hivyo kwa saa tatu.

"Tangu lini?" aliuliza.

"Tangu lini nini?"

"Usinifanye mtoto. Umesoma hiyo lebo kwa sikio."

Akamweleza. Alikuwa mtu wa kwanza kuelezwa yote, hata lile la kiti cha mwendesha gari. Mama Rudisha hakulia wala hakumpa pole. Alimrudishia lebo mkononi, akamfungia vidole juu yake.

"Kuna kisanduku kwenye fomu," alisema. "'Kama lebo haipo, eleza.' Nitaandika imeanguka. Kwani lebo hazianguki?"

Ndivyo walivyoanza. Mteja akija na malalamiko, na kosa likiwa la kumi na nne, Mama Rudisha alimlipa kwa haki yake, kisha akamtumia Fundi Bei ujumbe mfupi kwenye simu: *maziwa*, au *mafuta lita tatu*, au *dawa ya meno*. Yeye alikwenda, akabandua kosa lake, akabandika sahihi, akaitia ile mbaya mfukoni. Fomu ilisema imeanguka. Hakuna aliyeibiwa. Wateja walipata chao, na duka lilipoteza kile ambacho lingepoteza vyovyote vile.

Zile lebo hakuzitupa. Nyumbani alikuwa na daftari la zamani la bintiye aliyeolewa, lenye kurasa nyeupe nyingi mwishoni. Alizibandika humo moja moja, zimepangana vizuri kama alivyozoea. Jumapili asubuhi, mkewe akiwa kwenye mazoezi ya kwaya, alilipeleka dirishani akakaa nalo na kioo cha kukuzia, akijaribu kuelewa macho yake yanamdanganyaje: nne na nane, tatu na nane, moja na saba. Alisoma kama mtu aliyerudia darasa. Kosa lilipungua mwezi mmoja, likaongezeka uliofuata. Kurasa zikajaa mbili, kisha tatu.

Mkaguzi kutoka makao makuu alifika Jumatatu, mwanamke mwenye viatu visivyotoa sauti. Alikaa siku nzima ofisini kwa meneja na faili la marejesho. Jioni aliwaita wafanyakazi wa dawati na wabandikaji wote mbele ya stoo.

"Nimekagua matawi kumi na moja," alisema. "Kwa mwaka mzima tawi linaweza kuwa na lebo tano zilizoanguka. Hapa ni thelathini na moja kwa miezi minane. Rafu zenu mmeziweka kwenye upepo?"

Aligeuza ukurasa wa faili.

"Fomu zote thelathini na moja ni mwandiko mmoja. Mteja mmoja, huyu mstaafu, ametokea mara tisa. Mara tisa! Ni shangazi yako?"

"Ni mteja," Mama Rudisha alijibu. "Anasoma risiti yake. Wengine hawasomi."

"Wengine hawasomi," mkaguzi alirudia taratibu, kana kwamba ameambiwa jambo zuri sana. "Au wengine hawapo."

Hapo ndipo Fundi Bei alipoelewa kitu ambacho hakikuwahi kumjia akilini kwa miezi minane. Kwa macho ya mtu wa nje, fomu isiyo na lebo ilikuwa pesa iliyotoka na kosa ambalo halikuwahi kuwepo. Rafu zilikuwa safi kwa sababu yeye alizisafisha. Kila alipokimbilia kurekebisha kosa lake, alikuwa anamwondolea binti yule ushahidi wake.

Kumi na nne haikutajwa. Mama Rudisha alipewa hadi Alhamisi saa nne asubuhi. Alete maelezo yenye uthibitisho, au asaini karatasi kwamba fomu alizitunga, aondoke kimya kimya bila kuitiwa polisi.

Alimkuta Fundi Bei stoo Jumanne, katikati ya maboksi ya sabuni ya unga ambako harufu yake inakereketa koo.

"Mzee wangu, nisikilize. Kama hutaki nikutaje, sitakutaja. Lakini hata nikikutaja ni maneno matupu, watasema nimemtafutia mzee wa watu kesi. Zile lebo zina namba yako na bei ya kosa. Zikipatikana, najitetea. Watanikaripia kwa kudanganya kwenye fomu, wanaweza hata kunihamisha, lakini mwizi hawataniita. Ulizipeleka wapi?"

Fundi Bei alikuwa anamtazama usoni, na uso wake ulikuwa tundu. Aliona hereni zake mbili na ukosi wa sare. Pengine angeuona mdomo wake ukisubiri, asingesema alichosema.

"Nilizitupa."

"Zote?"

"Zote, mwanangu. Nilikuwa nazitupa siku hiyo hiyo."

Alimsikia akivuta pumzi. Kisha mabega yale ya kucheka yakashuka, hayo aliyaona.

"Basi," Mama Rudisha alisema. "Haidhuru. Hukujua."

Miezi iliyobaki kabla ya kiinua mgongo ilikuwa kumi na minane. Usiku ule alijaribu kujiaminisha kwamba ni hiyo tu iliyomfunga mdomo. Lakini haikuwa hiyo. Kilichomfunga mdomo ni picha ya mkaguzi akifungua lile daftari mbele ya watu, akitazama kurasa tatu zilizopangwa kwa unadhifu, kisha akiinua macho kumtazama yeye, kwa huruma. Alikuwa mtu wa kutokosea. Hakuwa na kingine. Wengine wana mashamba, wengine wana sauti nzuri, wengine wana watoto waliofika mbali. Yeye alikuwa na bei zilizolingana.

Jumatano aliugua tumbo la uongo, akabaki nyumbani. Mkewe alikuwa kwenye cherehani, amejaza mdomo pini.

"Duka halijaungua?" aliuliza kwa kona ya mdomo.

"Kwa nini liungue?"

"Miaka ishirini na miwili hujawahi kuumwa siku ya kazi. Nilidhani limeungua."

Alitaka kumwambia. Alisogea hadi karibu na meza, akashika kitambaa cha sare, akakiachia. Angemweleza lebo, ingebidi amweleze macho. Angemweleza macho, ingebidi amweleze kwamba kwa miezi yote hiyo alipomwambia amependeza, alikuwa anakisia.

"Limepona," alisema, akaenda kulala.

Alhamisi alikwenda na daftari. Alilichomeka chini ya aproni, likambana tumboni, kila alipoinama kona yake ilimchoma mbavu. Saa nne kasorobo alikuwa kwenye ukumbi mwembamba unaoelekea ofisini. Mlango ulikuwa umefungwa. Nyuma yake zilisikika sauti, ya mkaguzi na ya meneja, na kati yake kimya cha mtu wa tatu. Aliinua mkono abishe.

Mlango ukafunguka kabla hajagusa. Alikuwa meneja, na kipande cha ukanda wa lebo kimetoka kuchapwa.

"Ah, mzee, afadhali nimekuona. Mafuta ya kupikia yamepanda, makao makuu wamebadilisha sasa hivi kwenye mashine. Tafadhali niwekee haraka kabla watu hawajajaa, tusije tukapata aibu nyingine."

Miaka ishirini na miwili ya kuitikia ilikuwa mwilini mwake, kwenye magoti na kwenye ulimi. Hata hakuamua.

"Sawa, bosi," alisema.

Akapokea ukanda. Akaenda kwenye mafuta. Alipiga magoti na daftari likimchoma, akasoma kila lebo kwa pembeni ya jicho, mara mbili, mara tatu, nusu lita, lita moja, lita tatu, lita tano. Aliandika kumi na nne kwenye kila kona. Hakukosea hata moja. Katika mwaka mzima ule hakuwahi kubandika vizuri kama asubuhi ile, na alipobandika ya mwisho saa ya ukutani ilikuwa saa nne na dakika arobaini.

Mama Rudisha alikuja akipita katikati ya rafu kuelekea mlangoni, na mfuko wa plastiki wenye kikombe chake, kandambili na picha ya watoto aliyoiweka dawatini. Mlinzi alikuwa nyuma yake, hatua mbili, akitazama chini kwa aibu. Alipofika kwenye mafuta alisimama.

"Yamepanda tena?" aliuliza.

"Yamepanda."

Akatikisa kichwa, akaenda zake.

Fundi Bei aliingia ofisini bila kubisha. Mkaguzi alikuwa ameshaondoka. Alilitoa daftari, lina joto na jasho la tumbo, akalifungua mbele ya meneja.

"Namba kumi na nne ni mimi. Makosa yote haya ni ya kwangu. Yule binti hajaiba hata senti."

Meneja alifungua ukurasa wa kwanza, wa pili, wa tatu. Alikuwa kijana mwenye akili na alielewa haraka. Fundi Bei alisikia kiti kikilia.

"Mzee, saa nne ulikuwa wapi?"

"Kwenye mafuta. Ulinituma."

"Ulikuwa na hiki kitu tumboni, nikakupa lebo za mafuta, ukachukua?"



Meneja alilifunga daftari taratibu, akalisukuma kurudi upande wa pili wa meza. Sauti yake ilikuwa ya upole, na upole huo ndio uliotisha. "Amesaini. Mkaguzi ameshatuma ripoti. Nikilipeleka hili, makao makuu watauliza kwa nini tawi langu lina mbandikaji asiyeona, na kwa nini sikujua. Wewe utaondoka, mimi nitaandikiwa barua, na yeye bado alidanganya kwenye fomu. Umebakiza muda mdogo. Nitakuhamishia kwenye stoo, huko hakuna kusoma. Tafadhali, rudi nalo nyumbani."

Kwa hiyo alikuwa amesamehewa. Angeweza kurudi nyumbani na daftari lake, na kumi na minane ingekuwa kumi na saba, kisha kumi na sita. Alisimama pale, mkono juu ya jalada lenye picha ya twiga iliyofifia, na akaona jinsi ingekuwa rahisi. Hiyo ndiyo iliyomwondoa. Asingejiamini kukaa mle hata dakika moja zaidi.

Alitoka na aproni yake, akavuka maegesho ya magari, akashuka mtaa wa mafundi viatu. Mama Rudisha aliishi ghorofa ya pili, kwenye jengo lenye ngazi za nje. Alibisha. Aliyefungua alikuwa yeye, bado na sare.

Alimpa daftari. Hakusema neno, kwa kuwa maneno yote aliyoyapanga njiani yalikuwa ya kujitetea. Mama Rudisha alilifungulia pale pale mlangoni. Aligeuza ukurasa baada ya ukurasa. Chini, mtu alikuwa akipiga misumari kwenye soli.

"Uliniambia umezitupa."

"Nilisema hivyo."

"Mimi nimesaini kwa sababu ulisema umezitupa. Unanielewa? Ungeniambia unazo na hutaki kuzitoa, ningekuchukia, lakini nisingesaini. Ningekaa pale nikasubiri mpaka usiku. Ningewaambia nendeni nyumbani kwake mkapekue."

"Najua, mwanangu."

"Usiniite hivyo."

Alidhani atafungiwa mlango. Mama Rudisha aligeuka, akauacha wazi, na baada ya kusitasita Fundi Bei akaingia nyuma yake. Kilikuwa chumba kimoja kilichogawanywa kwa kabati. Alimvutia kiti kwenye meza ya chakula, akafuta makombo kwa kiganja, akaweka karatasi na kalamu.

"Andika. Kwa makao makuu, si kwa huyo kijana. Kila kitu."

"Siwezi kufuata mstari. Acha niseme, wewe uandike."

"Niandike mimi? Mwandiko ule ule wa fomu thelathini na moja? Watasema na wewe nimekutunga."

Ndivyo Fundi Bei alivyokaa mchana ule akiandika kama mtoto. Mama Rudisha aliweka kipande cha kadibodi chini ya kila mstari ili kalamu iegemee, na mzee alipofika mwisho alikisogeza, akisema neno moja tu, "Shuka," kisha tena, "Shuka." Aliandika jina lake na namba yake. Aliandika maneno ya daktari. Aliandika utaratibu wao, ujumbe wa simu, mfuko wa aproni. Mama Rudisha hakumgusa wala hakumtia moyo. Watoto walirudi shule, wakamwamkia, wakaelewa hewa ya chumba na kutoka tena nje bila kuambiwa.

Barua ile, pamoja na kurasa tatu za daftari, ingejibiwa baada ya wiki saba. Makao makuu wangelifuta neno wizi kwenye jalada la Mama Rudisha, na wangekataa kumrudisha kazini, kwa kuwa taarifa za uongo kwenye fomu zilibaki taarifa za uongo. Fundi Bei wangemwachisha kwa sababu za kiafya, na nusu ya kiinua mgongo. Na mkewe angekaa kimya siku mbili, halafu angemuuliza swali moja kuhusu macho yale ambalo yeye asingeweza kulijibu. Hayo yote yalikuwa bado. Mchana ule kulikuwa na karatasi tu, na mkono uliochoka, na nafasi kidogo iliyobaki chini.

Alitia sahihi. Mama Rudisha aliichukua barua, akaisoma tangu mwanzo, amesimama dirishani. Akairudisha mezani.

"Umesahau kitu."

"Kipi?"

"Hukuandika kwamba Jumanne nilikuuliza, ukasema umezitupa."

"Hilo haliwahusu wao. Halibadilishi kitu ofisini."

"Linanihusu mimi," alisema, akaweka kadibodi chini ya sahihi yake. "Andika."

Aliandika.